Gundi ipi, vanishi ipi: mwongozo kwa anayeanza kazi za mikono Zanzibar

Kila baada ya siku chache naletewa kazi iliyoharibika na naulizwa swali lile lile: kwa nini imeharibika? Bakuli la kifuu limebanduka kitako. Fremu ya mbao ya jahazi imepakwa vanishi, leo wiki ya tatu bado inanata. Mkoba wa ukili ulikuwa mwekundu na mweupe, baada ya vanishi umekuwa wa waridi wote. Picha ya tingatinga imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mwenye kazi huniambia gundi ilikuwa feki, au vanishi mbovu. Mara nyingi gundi ni nzima na vanishi ni nzima. Hazikupatana tu, au hazikupatana na kile kilichokuwa chini yake.

Nimekuandikia wewe unayeanza, uko Unguja au Pemba, unanunua kopo dogo Darajani au Chake Chake na muuzaji mwenyewe hajui zaidi ya bei. Shika mambo mawili kabla ya hatua yoyote. La kwanza: kila gundi na kila vanishi ina kitu kinachoiyeyusha, kikiwa maji, spiriti, tina au tarpentaini, na unachopaka juu kisiwe na uwezo wa kuyeyusha kilicho chini. La pili: karibu hakuna kinachoshika juu ya mafuta, nta, chumvi wala vumbi.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Msasa namba 120, 180, 240 na 320.
- Spiriti, tina na tarpentaini, kila kimoja kwenye chupa ya glasi yenye jina lake. Usitie kwenye chupa za maji ya kunywa, nyumba zetu zina watoto.
- Vitambaa vya pamba vyeupe. Vyeupe, kwa sababu vitakuonesha rangi ikitoka.
- Klampu mbili tatu. Huna? Kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli hubana vizuri sana, hasa kitu cha mviringo.
- Brashi mbili: moja ya vanishi ya maji, nyengine ya vanishi ya mafuta. Usizichanganye.
- Vipande vya majaribio vya mbao ile ile, ukili ule ule, kifuu kile kile. Hivi ndivyo watu husahau, na ndivyo vyenye thamani kuliko vyote.
- Pahala penye upepo unaopita lakini pasipo vumbi. Jiko la mkaa, kibatari na chetezo viwe mbali. Mvuke wa tina hutambaa chini sakafuni na kuufuata moto.

Hatua ya 1. Jiulize: kinanyonya au hakinyonyi?

Tia tone la maji juu ya kitu chako, hesabu mpaka sitini. Likinywewa, ni kitu kinachonyonya: mbao kavu, karatasi, kitambaa, ukili mkavu. Likikaa juu kama lulu, ama kitu hakinyonyi kwa maumbile yake (kioo, shaba, kombe, kifuu kilichong'arishwa), ama kina mafuta juu yake. Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo inahitaji angalau upande mmoja unyonye. Ukiitia kati ya kombe na shaba itabaki maziwa kwa siku nyingi, kisha itabanduka kwa ukucha.

Hatua ya 2. Safisha mpaka tone la maji linyweke

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za visiwani hufia.

Chukua mbao ya jahazi kuukuu. Wageni wanaipenda, fremu za vioo na meza zake zinauzwa, na kila kijana anataka kuanza nayo. Lakini mbao ile imeishi baharini miaka na miaka. Imenywa chumvi, na juu yake imepakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo wenye vyombo huyatumia kuihifadhi. Gundi haishiki juu ya sifa. Vanishi ya mafuta ikipakwa juu yake haikauki, hubaki inanata, na siku ya joto harufu ya samaki hurudi dukani. Mbao za ubavu wa chini zinaweza kuwa na shahamu pia.

Fanya hivi. Ng'oa misumari yote, maana iliyobaki itatoa kutu na doa jeusi chini ya vanishi. Kwangua rangi ya zamani, lakini kwanza iloweshe na ufunge barakoa: rangi za zamani za vyombo huweza kuwa na risasi au sumu ya kuzuia viumbe vya baharini, na vumbi lake si la kuvuta. Vipande vidogo vitie kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, badilisha maji kila siku kwa wiki nzima, kisha vianike kivulini, si juani, vikae wiki kadhaa. Utajuaje chumvi imebaki? Kiache kipande nje usiku wenye unyevu karibu na mbao nyengine kavu. Asubuhi kikiwa kimelia jasho na mwenzake mkavu, chumvi bado ipo.

Mafuta hayatoki kwa maji. Piga randa au msasa namba 120 pale utakapotia gundi mpaka uone mbao safi, kisha futa kwa kitambaa chenye tina, geuza kitambaa, futa tena, mpaka kitambaa kisichafuke. Rudia tone la maji. Najua unataka kubakisha ule uso wa zamani wenye makovu, ndio uzuri wake. Basi bakisha mbele, lakini kwenye viungo usibakishe hata kidogo.

Msaji nao una mafuta yake ya asili, na mpingo vilevile. Hizo zifute kwa asetoni safi na utie gundi ndani ya robo saa, kabla mafuta hayajapanda tena. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta haifai. Mfenesi uliokauka hauna matata hayo. Futa vumbi tu.

Kifuu kina mabaki ya nazi na mafuta yake upande wa ndani. Kwangua, piga msasa 120, futa kwa spiriti. Makombe yalowekwe maji baridi siku tatu nne. Usitumie siki wala ndimu kuyang'arisha, kombe ni chokaa na hulika. Gamba la kasa usilipokee kabisa hata ukiletewa bure. Kasa amelindwa kisheria.

Hatua ya 3. Chagua gundi

Mbao kwa mbao: gundi nyeupe ya mbao. Kwa kisiwa chenye unyevu kama hiki tafuta kopo lililoandikwa D3, maana yake inastahamili maji kiasi. Ile ya kawaida ya watoto wa skuli hulainika ikipata maji au joto, na sanduku lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kuachia viungo vyake.

Mbao kwa shaba, kombe kwa mbao, kifuu kwa kifuu: epoksi, ile gundi ya mirija miwili unayochanganya. Changanya sawa kwa sawa kama mrija unavyosema, usikisie. Ya dakika tano ni ya haraka, lakini ile ya taratibu inayochukua siku nzima ndiyo yenye nguvu. Ukichanganya na unga wa msasa wa kifuu chenyewe, unapata kijazio cha rangi ile ile. Sijaona kitu bora kuliko hicho kwa kuziba nyufa za vifuu.

Ngozi, kitambaa au mpira kwa mbao: gundi ya viatu, ile ya njano. Pakaa pande zote mbili, *ngoja* dakika kumi mpaka kumi na tano hadi isishike kidole, kisha bandika. Wanaoanza hubandika ikiwa mbichi, halafu wanashangaa ikiteleza. Kumbuka pia kwamba tina huilainisha, kwa hiyo usipulizie laka (vanishi ya tina, tazama hatua ya 6) juu ya kazi iliyogundishwa kwa gundi hii. Ngozi itafanya mapovu.

Ukili kwa ukili: shona. Nakwambia kweli. Gundi kwenye ukili ni ya kushika ncha tu, na hapo gundi nyeupe kidogo inatosha. Mkoba unaobebeshwa mzigo haubebwi na gundi.

Supagluu: ni ya kushikilia kitu kidogo wakati epoksi ikikauka. Ni ngumu na kavu, haipindi, ikianguka hukatika. Hukauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu wetu ukizidi hutoa ukungu mweupe pembeni mwa kiungo. Onyo: usiifute kwa pamba. Ikikutana na pamba hupata moto ghafla kiasi cha kuunguza ngozi.

Kioo cha kujitazamia ndani ya fremu: ukitumia silikoni, inuse kwanza. Yenye harufu ya siki hula rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo na huifanya shaba iwe kijani. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Hatua ya 4. Gundisha, futa, acha

Paka gundi nyembamba, bana, na futa iliyotoka pembeni hapo hapo: gundi nyeupe kwa kitambaa chenye maji, epoksi kwa spiriti. Gundi nyeupe iliyopakaa juu ya mbao huziba vinyweleo, na ukija kupaka rangi au vanishi utaona doa jeupe lenye umbo la vidole vyako. Gundi nyeupe iache saa 24 kabla ya msasa, hata kama kopo linasema saa moja. Kopo halikuandikiwa Wete mwezi wa Aprili.

Epoksi ikikauka penye unyevu huacha utando laini juu yake, kama sabuni. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na upige msasa 240. Usipouondoa, vanishi itateleza.

Hatua ya 5. Jua kilichokwisha kupakwa

Kama kazi ni mpya, ruka hatua hii. Kama ni sanduku la zamani, fremu ya kununua au picha iliyochorwa na mwengine, chagua pembe isiyoonekana. Gusa kwa spiriti kwenye ncha ya kitambaa: ikinata, ni shelaki (vanishi ya spiriti, tazama hatua ya 6). Isiponata, gusa kwa tina: ikiyeyuka na kulainika, ni laka. Ikikunjamana na kuinuka, ni vanishi au rangi ya mafuta. Picha nyingi za tingatinga zimechorwa kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, na ndio maana laka ya kupulizia huzikunja. Nami niliwahi kuharibu sinia sita za mtu hivi hivi, kwa kuamini neno la aliyeniuzia kopo kwamba laka "inakubali popote". Nililipa sinia zote sita.

Jina la mnunuzi au sahihi iliyoandikwa kwa kalamu ya maka? Spiriti na tina huitawanya. Juu yake anza na vanishi ya maji.

Hatua ya 6. Chagua vanishi

*Vanishi ya maji* ni nyeupe kama maziwa koponi na haina rangi ikikauka. Haigeuki njano, kwa hiyo ndiyo ya makombe, ukili mweupe na mbao nyeupe. Huinua nyuzi za mbao. Piga msasa 320 baada ya mkono wa kwanza, yaani ukishapaka mara ya kwanza na ikakauka. Hatari yake ni kwa ukili wa rangi. Rangi nyingi za ukili ni zile za kuchemsha kwa maji, na kinachotiwa kwa maji hutoka kwa maji. Sugua ukili kwa kitambaa cheupe kilicholowa kabla hujanunua kopo. Kikitoka na rangi, usitumie vanishi ya maji. Kisha sugua pembe nyengine kwa kitambaa chenye spiriti. Kisipotoka na rangi, paka shelaki nyembamba mara mbili. Na kwa kawa na vipepeo vya kupepea, ushauri wangu ni kuviacha bila ya vanishi kabisa. Ukili uliopakwa vanishi huwa mgumu na hukatika kwenye mkunjo.

*Vanishi ya mafuta* huyeyuka kwa tarpentaini, hukauka polepole, ina rangi ya asali na huzidi njano kwa miaka. Juu ya mvule na mfenesi rangi hiyo ni neema. Ni imara kwa sinia na meza. Mkono kwa mkono acha saa 24.

*Laka* huyeyuka kwa tina, hukauka kwa dakika, ndiyo mafundi fanicha wanayopulizia. Haiwaonei huruma wanaoanza, na unyevu ni adui yake.

*Shelaki* ni magamba ya rangi ya asali, utomvu wa mdudu kutoka Bara Hindi, yanayoyeyushwa kwa spiriti. Hushika karibu kila kitu, hata mbao yenye mabaki kidogo ya mafuta, na karibu kila kitu hushika juu yake. Kwa hiyo ndiyo mpatanishi: kama hujui kilicho chini, paka shelaki katikati. Lakini ukitaka kumalizia na vanishi za kisasa, nunua shelaki iliyotolewa nta. Usiiache iwe ya mwisho kwenye meza ya chai. Maji huacha duara jeupe, na spiriti huiyeyusha.

Inafaa ujue kwamba kisiwa hiki si kigeni kwa vanishi. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, meli za Salem, bandari ya huko Marekani, zilikuwa zikija Unguja, na pamoja na pembe za ndovu zilibeba sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini pwani ya bara, kwenda kutengenezewa vanishi huko kwao. Tuliwauzia wenzetu mali ghafi, leo tunanunua makopo.

Ipi juu ya ipi? Juu ya shelaki, zote zinakaa. Juu ya laka kavu iliyopigwa msasa, vanishi ya mafuta hukaa. Juu ya vanishi ya mafuta iliyokomaa mwezi mmoja na kupigwa msasa, ya maji hukaa. Laka juu ya vanishi au rangi ya mafuta: usithubutu. Laka juu ya vanishi ya maji nayo usijaribu.

Shaba za sanduku la Zanzibar zina lao. Ukizing'arisha kwa dawa ya kusugulia, mabaki yake ni ya mafuta. Yafute kwa tina kwanza, ukikwepa mbao iliyokwisha pakwa, ndipo upake laka nyembamba kwa brashi ndogo. Shaba isiyosafishwa huhifadhi alama ya kidole chako chini ya laka, na alama hiyo huzidi kuwa nyeusi.

Bakuli, kata na upawa vitakavyoshika chakula: hakuna gundi wala vanishi upande wa chakula. Mafuta ya nazi yanatosha, na mteja aambiwe ayarudie.

Hatua ya 7. Jaribu kipande, ngoja siku tatu

Gundisha na paka kwenye kipande cha majaribio kwa mpangilio ule ule utakaoufuata. Siku ya tatu fanya mambo matatu: kwangua kwa ukucha, bandika utepe wa plasta na ung'oe kwa nguvu, tia maji tone moja usiku kucha. Kikipita, endelea.

Hatua ya 8. Paka, ukiangalia msimu

Kusi, Juni mpaka Septemba, ndio wakati mzuri wa kazi hii, ila upepo huleta vumbi, kwa hiyo mwaga maji sakafuni kabla ya kupaka. Kaskazi kuna joto, vanishi hukauka kabla brashi haijamaliza safari. Ongeza tarpentaini kidogo, si zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Masika na vuli, laka iache kabisa. Siku yoyote anza saa nne asubuhi umande ukishaondoka, maliza saa nane, ili kazi ishike kabla ya unyevu wa jioni.

Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Piga msasa 320 kwa wepesi kati ya mkono na mkono, futa vumbi.

Onyo la moto: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na kuwaka. Kitandaze nje kimoja kimoja mpaka kikauke kikakamae, au kitie ndani ya ndoo ya maji.

Mambo yakiharibika

*Vanishi inanata baada ya wiki.* Kuna mafuta au nta chini, au ulipaka nzito. Iweke penye hewa siku tatu zaidi. Ikibaki vilevile, futa yote kwa tarpentaini, rudi hatua ya 2, tia shelaki, paka upya. Kuongeza mkono mwengine juu hakusaidii.

*Laka imekuwa nyeupe kama moshi.* Unyevu umenaswa ndani. Ngoja siku kavu, pulizia tina nyepesi juu yake ifunguke na ikauke tena.

*Imekunjamana.* Kiyeyushi cha juu kimeinua cha chini. Hakuna dawa isipokuwa kukwangua na kuanza upya.

*Vidimbwi vidogo kama macho ya samaki.* Mafuta au silikoni juu ya uso. Futa ingali mbichi, safisha kwa tina, shelaki, kisha paka.

*Doa jeupe kwenye kiungo baada ya kupaka.* Gundi iliyosalia. Piga msasa mpaka mbao, paka sehemu hiyo tena.

*Malengelenge kwenye mbao ya jahazi au makombe.* Chumvi. Bandua, loweka, anika, na safari hii ngoja.

*Kiungo kimeachia tena pale pale.* Usitie gundi mpya juu ya gundi kavu. Kwangua mpaka mbao. Na kama ni mbao ya jahazi, tia epoksi pamoja na skrubu ya shaba; kwenye mbao ile mimi siiamini gundi peke yake.

Ukimaliza kazi, geuza nyuma na uandike kwa penseli: gundi gani, vanishi gani, mwezi gani. Siku itakaporudi kutengenezwa, iwe kwako au kwa fundi mwengine Mkoani, hatalazimika kubahatisha kwa kitambaa cha spiriti.